Bibi anaongea Kigweno, mimi naitikia kwa Kiswahili. Je, mimi ni Mgweno kweli?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nimezaliwa Dar na nimekulia Tabata. Baba ni mtu wa Ugweno, Mwanga kule juu, mama ni Mpare wa Usangi. Nyumbani toka niko mdogo tumeongea Kiswahili tu. Baba na mama wakiwa hawataki tusikie ndo walikuwa wanaongea Kipare, na Kigweno baba alikuwa anaongea kwenye simu na bibi. Cha ajabu nikisikia Kigweno naelewa, sio vyote ila bibi akisema kitu najua anataka nini, tatizo mdomo haufunguki. Mwaka jana tulienda kumzika babu, nikajaribu kusalimia wazee kwa Kigweno, binamu zangu wakacheka mpaka nikatamani ardhi inimeze, shangazi mmoja akasema huyu ni wa mjini, Mgweno jina tu. Hilo neno limenikaa mpaka leo. Hapa mjini nikisema natokea Mwanga naambiwa we Mpare, nikisema Mgweno naambiwa hakuna kabila hilo, hicho ni Kipare cha milimani. Sasa nina mimba ya miezi mitano, mume wangu ni Msukuma na kwao Kisukuma wanaongea wote mpaka watoto. Baba anasema Kigweno hakina kazi, mtoto afundishwe Kiingereza. Rafiki yangu anasema kung'ang'ania kilugha ni ukabila. Mama mkwe anasema lugha nyingi zitamchelewesha mtoto kuongea. Je mimi ni Mgweno kweli au najilazimisha? Na naweza kujifunza saa hizi au nimeshachelewa?"

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba wa babu, na hongera, Mungu akufikishe salama. Nimekusoma mara tatu sababu ndani yake kuna maswali kama sita yamebebana, ila naona linalokuuma ni moja, lile neno la shangazi. Mambo ya mtoto na Kiingereza na mama mkwe tutayafikia, ngoja tuanzie kwenye kidonda.

Niseme kabisa natokea wapi ili ujue unaongea na nani. Mimi ni Mpare wa Same, Chasu, yani Kipare chenyewe, ndio lugha niliyoamkia, isimu, yani elimu ya lugha, nimeisomea na nimeifundisha miaka mingi, Kigweno nakijua kwa kukisoma na kukisikiliza lakini sikisemi, kwa hiyo kwenye matamshi usinitegemee mimi, mtegemee bibi yako. Na wanangu wawili wa kwanza waliokulia hapa Dar Chasu hawakisemi. Wa tatu anakisema kidogo sababu alikaa kwa mama yangu miaka miwili. Haya ninayokuandikia nimeyaona darasani na nimeyaona mezani kwangu, na ya mezani ndio yanayouma zaidi.

Hao wanaokwambia hakuna kabila la Wagweno wamekosea, na Kigweno sio Kipare cha milimani, maana hata Usangi kwa mama yako ni milimani, na Same kwetu pia tunaishi milimani. Kwenye milima ya Upare Kaskazini kuna lugha mbili zinazopakana, Usangi wanaongea Chasu kama sisi wa Same kwa tofauti ndogo ndogo, na Ugweno wanaongea Kigweno, na hicho Kigweno ukikichunguza undugu wake uko na Kichagga kuliko na Chasu. Wanaisimu Derek Nurse na Gérard Philippson walikichambua na huko ndiko walikokiweka, karibu na lugha za Kilimanjaro. Maneno ya Kipare yamejaa humo, ndio, watu wamekaa jirani na kuoana vizazi na vizazi, wewe mwenyewe ni ushahidi. Lakini kukopa maneno hakukufanyi uwe mtoto wa uliyemkopa. Kiswahili kimekopa Kiarabu maneno kibao na bado ni lugha ya Kibantu.

Na jina lenyewe Ugweno lina historia ndefu. Profesa Isaria Kimambo, ambae nae alitokea Upareni, alikusanya masimulizi ya wazee na kuandika kwamba Ugweno ilikuwa dola yenye watawala wake karne nyingi kabla ya mkoloni, kwanza chini ya ukoo wa Washana waliokuwa wahunzi wa chuma, baadae Wasuya wakawapindua wakashika wao. Chuma cha Ugweno kilikuwa kinapanda mpaka Uchaggani. Sasa Waingereza walipopanga wilaya wakachukua safu nzima ya milima, kuanzia kwenu mpaka kwetu, wakaiita Pare, na wote tuliomo tukawa Wapare kwenye makaratasi. Ila nalo lisikufanye udhani Upare ni uongo mtupu, sababu watu walikuja kuukubali wenyewe, katikati ya miaka ya 1940 walipoigomea ile kodi ya mbiru waligoma wakiwa Wapare na wakaandamana mpaka Same wakiwa Wapare. Kwa hiyo unaweza kuwa Mgweno na ukawa Mpare vilevile bila kumdanganya mtu yeyote, moja ni jina la nyumba, lingine ni jina la mtaa.

Haya, tuje kwa shangazi. Tunapouliza mtu ni kabila gani huwa tunachanganya vitu vitatu kwenye kapu moja. Kuna alikozaliwa, yani ukoo wa baba yake kwa mila za kwetu. Kuna anachoongea. Na kuna wenzake wanamhesabu wapi. Mara nyingi vinakwenda pamoja mpaka mtu anaona ni kitu kimoja, vikiachana kama vilivyoachana kwako ndo maumivu yanaanza. Na vinaachana sana, wewe sio wa kwanza. Kule Kenya kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano kuna Wasuba, Wabantu waliohamia Kijaluo vizazi vilivyopita, Olusuba chenyewe kimebaki kwa wachache, ila sensa ya 2019 ilipouliza kabila watu zaidi ya laki moja na nusu walisema mimi ni Msuba. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo huko Laikipia walikuwa wawindaji na warina asali, mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki, wakaanza kuoana na Wamaasai ambao mahari ni ng'ombe, wakageukia ufugaji, na lugha yao ikaondoka pamoja na mizinga. Leo wanaongea Kimaasai na bado wanajiita Wayaaku.

Karibu na kwetu zaidi, kuna Wambugu wa Usambara. Hawa wananishangazaga mpaka leo japo nimewasoma miaka mingi. Wana namna mbili za kuongea, moja ukiisikia wewe mtoto wa Mpare utaielewa sababu inafanana sana na Kipare, na nyingine ambayo sarufi ni ileile, viambishi vilevile, ila maneno mengi ni mengine kabisa, mengi yana asili ya Kikushi, jamii ya lugha ambayo sio ya Kibantu. Maarten Mous aliwachunguza kwa muda mrefu. Inavyoonekana walihamia lugha ya Kibantu ya majirani, lakini hawakukubali kumezwa, wakashikilia maneno yao ya zamani na kuyavalisha sarufi mpya ili watu wajue hawa ni Wambugu. Unaona? Lugha nzima iliwaponyoka, wakatengeneza alama kutokana na walichobaki nacho.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndio, wewe ni Mgweno. Baba yako ni Mgweno, umemzika babu yako Ugweno, bibi anakuita mjukuu, anaweza kukutuma kitu kwa Kigweno na ukakileta. Hakuna mtihani mwingine.

Lakini sitaki nikufariji kwa bei rahisi. Kuna watu wanalishika hilo jibu wanasema basi lugha sio lazima, wanalala. Lugha ikiondoka kuna vitu inaondoka navyo na havirudi kwa Kiswahili. Majina ya vipande vya mashamba na mifereji ya maji na kwanini paliitwa hivyo, majina ya mimea anayoijua bibi na dawa zake, yanayosemwa kwenye misitu ya ukoo ile ya mpungi, utani, na jinsi ya kumwambia mtu mzima kwamba amekosea bila kumvunjia heshima. Ukiviuliza kwa Kiswahili utapata muhtasari. Kwa hiyo una haki kabisa ya kusikia kwamba kuna kitu umekosa, hujilazimishi, umekikosa kweli.

Umekikosaje? Hapa naomba usimlaumu mtu kwa haraka. Watoto wa shule za msingi za serikali wanafundishwa kwa Kiswahili karibu nchi nzima toka mwishoni mwa miaka ya 60, na shule nyingi ukikutwa unaongea kilugha ulikuwa unapigwa au unavishwa kipande cha mti shingoni mpaka umkamate mwenzako nae ameteleza. Muulize baba yako kwa upole kama yalimpata, wengi wa umri wake yaliwapata na hawasemi. Halafu Kigweno kimebanwa pande mbili, Kipare kutoka chini kwa majirani na Kiswahili kutoka kila mahali, Nurse na Philippson walishaona enzi zao kwamba vijana wanakiacha. Halafu baba yako akaoa Usangi. Mgweno na Mpare wakakutana Tabata, lugha ya kulelea watoto ikawa Kiswahili bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua, na ukiangalia vizuri lilikuwa jambo la upendo tu, walitaka nyote mwelewane mezani. Bibi anacho Kigweno chote, baba anacho chote lakini anakitumia kwenye simu, wewe unaelewa, na mtoto wako kama hakuna kitu kitakachofanyika hatasikia kabisa. Vizazi vinne tu. Hivyo ndivyo lugha zinavyokwisha karibu kila mahali duniani, kimyakimya, sebuleni, wakati watu wanawajali watoto wao.

Sasa hili la mdomo kutofunguka. Umeandika kama ni kilema, mimi naona ni mtaji. Kuelewa na kusema ni kazi mbili tofauti kichwani. Kuelewa unahitaji kulitambua neno likija, sauti ya bibi inakusaidia, mikono yake, mazingira. Kusema unahitaji ulitafute neno mwenyewe, ulipe kiambishi chake, ulipe na toni yake, yani sauti kupanda na kushuka, maana Kigweno kina toni na Kiswahili hakina, na vyote hivyo ndani ya sekunde moja huku watu wanakutazama. Hiyo ya pili inakuja kwa kutumia tu, na wewe hujawahi kutumia. Ila ile ya kwanza, ambayo mtu anaeanza sifuri angetoa jasho kwa miaka, wewe uliipata bure ukiwa unamsikiliza baba kwenye simu.

Kuna mwanaisimu Nancy Dorian alifanya kazi na jamii za wavuvi kaskazini mwa Uskoti kuanzia miaka ya 60, lugha yao ya Kigaeli ilikuwa inakufa, akakuta watu kama wewe kabisa, wanaelewa kila kitu, wakisema wanakosea viambishi na wanasema vifupi vifupi. Alichokiona ni kwamba watu hao walikuwa ndani ya jamii kabisa, sababu walijua lini uongee na lini unyamaze, lini ucheke, mzee akisema hivi unamjibu nini. Yeye mgeni alikuwa anatunga sentensi sahihi kuliko wao, lakini mambo hayo ya kujua kukaa na watu walimzidi mbali. Na wewe vivyo hivyo, ningekuja mimi msibani kwenu na sarufi yangu ya vitabuni ningepotea, wewe ulijua kabisa pale ni mahali pa kusalimia wazee.

Wakacheka. Kwa maoni yangu kicheko hiki kimeua lugha zetu kuliko sheria yoyote, na nasema hivyo nikijua sheria zenyewe zilivyo. Kijana anajikaza anatoa neno moja, anachekwa, anarudi kwenye Kiswahili anakojua hatachekwa, halafu wazee haohao wanalalamika vijana wa siku hizi hawapendi lugha. Nimeliona mara nyingi mno. Wazee mara nyingi wanacheka kwa furaha, kama unavyomcheka mtoto anaeanza kutembea, nia yao nzuri kabisa, ila wewe unaepokea hujui hilo. Binamu nao huwa wanacheka ili wao waonekane wanajua, na mara nyingi nao hawajui kivile. Na shangazi, hebu siku ukiwa nae mmetulia mwulize wajukuu wake wanaongea nini. Usimwulize kwa kumkomoa, inawezekana alivyokwambia vile alikuwa anajisemea mwenyewe. Dawa ni kuwaambia waziwazi, tena kabla: mimi najifunza, nikikosea nirekebisheni, msinicheke, mkinicheka nitanyamaza. Maneno kama hayo kwa bibi yanatosha kubadilisha kila kitu, nae atawanyamazisha wengine.

Rafiki yako anaesema ni ukabila anachanganya mambo, ingawa hofu yake naielewa na ni hofu nzuri, nchi hii tumelelewa nayo. Ukabila ni kumpa mtu kazi sababu ni wa kwenu au kumnyima mtu binti sababu sio wa kwenu. Kumwimbia mtoto kwa lugha ya bibi yake hakumnyimi mtu chochote. Mwalimu Nyerere aliyetupa moyo wa Kiswahili alikuwa Mzanaki na Kizanaki alikijua. Hata Sera ya Utamaduni ya 1997 imeandika kwamba jamii ziendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao, na zifanyiwe utafiti. Ni kweli redioni na kwenye televisheni sheria inataka Kiswahili au Kiingereza, na mimi hilo naliona ni kosa, Wakenya wana redio za lugha za jamii chungu nzima, ila nyumbani kwako hakuna sheria inayokugusa. Pale ambapo rafiki yako ana pointi ni hapa, ukiwa ofisini au mbele ya mume wako na ndugu zake, kuongea Kigweno na baba huku wao wametumbua macho ni kuwafungia nje, ni ukosefu wa adabu. Tafsiri, au subiri.

Baba nae anasema hakina kazi. Kazi ya mshahara, ni kweli, hakuna tangazo la ajira litakalotaka Kigweno, nisikudanganye. Lakini Kiingereza mtoto atakipata shuleni, kwenye katuni, kila mahali, hakihitaji nafasi ya Kigweno. Vichwa vya watoto havijai kama ndoo. Na angalia, katika watu wote uliowataja mtu mwenye Kigweno kamili na anaeishi mjini karibu na wewe ni huyohuyo baba. Unamfikiria bibi wa mbali, kisima kiko sebuleni kwenu. Usigombane nae, mwombe. Mwambie baba, mjukuu akija mimi sitaweza kumwongelesha kama bibi alivyokuongelesha wewe, nisaidie. Babu wengi ninaowajua waliogoma kwa mtoto wao hawajaweza kugoma kwa mjukuu.

Kwa mama mkwe, mwambie kwa heshima zote kwamba hilo limeshachunguzwa sana na sio kweli, watoto wanaokua na lugha mbili au tatu hawachelewi kuongea kwa sababu ya lugha. Watachanganya, neno la Kisukuma katikati ya sentensi ya Kiswahili, ni kawaida, wanajipanga wenyewe baadae. Ukihesabu maneno ya mtoto hesabu ya lugha zote kwa pamoja, ukihesabu Kiswahili peke yake utaona machache na kuogopa bure. Ila na hapa usikilize vizuri. Mtoto ambae hageuki akisikia sauti au akiitwa jina, ambae amefikisha mwaka bila kubwabwaja, miezi 18 bila neno hata moja kwenye lugha yoyote, miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au alikuwa na maneno yakapotea, huyo mpeleke hospitali apimwe masikio kwanza na aonwe na mtaalamu, na usikubali mtu akurudishe nyumbani kwa kusema eti ni lugha nyingi, achaneni na kilugha. Nimeona watoto waliokuwa na tatizo la kusikia wamecheleweshwa miaka kwa kauli hiyo.

Sasa ufanyeje. Usijaribu kumwongelesha mtoto Kigweno kutwa nzima wakati wewe mwenyewe unababaika, utachoka na utamnyima maongezi. Mwongeleshe Kiswahili chako kizuri, kitamu, halafu Kigweno kipe vitu vyake maalum visivyobadilika, kuogeshwa, kubembelezwa, salamu za asubuhi, kula. Mume aongee Kisukuma chake bila wasiwasi, Kisukuma kina mamilioni ya watu, mtoto akienda kwao atakisikia kila kona, cha kwenu ndio kinahitaji ratiba. Na ukweli ni kwamba ukifanya haya yote kwa bidii mtoto wako inawezekana kabisa akaishia kuwa kama wewe, anaelewa, anasema kidogo. Mimi sioni kwamba ni kushindwa. Mtoto anaeelewa ni mtoto ambae mzee anaweza kumwongelesha.

Kujifunza kwako wewe mwenyewe hujachelewa. Ngeli unazo tayari kwenye Kiswahili, mpangilio wa kitenzi unao, utasumbuka na toni na maneno, basi. Njia ninayoiamini ni ile ambayo watu wa jamii asilia za California waliibuni miaka ya 90 walipobakiwa na wazee wachache sana, mzee mmoja na kijana mmoja wanakaa pamoja wanafanya kazi za kawaida, kupika, kulima, kufua, na lugha ile nyingine hairuhusiwi, ukikwama unaonyesha kwa mikono. Hakuna daftari. Fanya hivyo na baba Jumamosi saa moja tu, mpike makande, Kiswahili kikae nje ya jiko. Wiki za mwanzo utatoka na kichwa kinauma. Kuanzia hapo maneno yanaanza kuja yenyewe. Voisi noti za WhatsApp na bibi nazo ni nzuri sana maana huna macho ya watu mbele yako, unaweza kufuta na kurudia mpaka uridhike.

Na urekodi, hili usingoje. Babu ameshaondoka na yake. Simu ya kawaida inatosha, mahali pasipo na upepo wala redio, mwanzoni useme tarehe, mahali na nani anaongea, na umwombe bibi ruhusa kwanza, umwambie nani atasikia. Mambo ya tambiko na ya ukoo usiyapeleke kwenye grupu wala mtandaoni bila wenyewe kukubali. Tunza nakala sehemu mbili. Kuandika andika unavyosikia, ila sauti ndio ya maana sababu toni haionekani kwenye herufi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Mradi wa Lugha za Tanzania, ndio waliotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania 2009, na walitoa pia kitabu cha msamiati wa Kigweno kwa Kiswahili na Kiingereza. Nenda idara ya isimu pale Mlimani ukiulizie, na uwaambie una bibi anaeongea, watakupokea vizuri kuliko unavyodhani.

Kitu kimoja nje ya lugha. Umesema neno la shangazi limekukaa mpaka leo, na una mimba, na umezika. Kama unakosa usingizi, unalia mara kwa mara, vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii, na imepita wiki mbili hivi, mwambie nesi kliniki ya wajawazito utakapokwenda, usione ni jambo dogo la kikabila la kujikazia. Wanasaidia.

Halafu kuhusu uzazi, najua mama yako atataka kuja kukulea zile siku arobaini na ni haki yake. Lakini kama bibi bado ana nguvu za kukaa kwenye basi mwombe nae aje hata wiki tatu. Na umwambie kabla hajapanda basi pale Mwanga, baba amsisitizie kabisa kwenye simu, kwamba ndani ya nyumba hii na mtoto aongee Kigweno tu. Usipomwambia atafika, atamwona mkwe wake Msukuma amekaa sebuleni, na kwa heshima zake ataongea Kiswahili mpaka siku ya kuondoka.